Akiba ya Tambi

Bwana asifiwe! Nawaona mlioko nyuma mmeshaanza kutafuta ukuta wa kuegemea, mkidhani mchungaji anakuja tena na yule mkulima wake. Hapana. Mkulima leo nimempa mapumziko. Kila Jumapili tunamtoa shambani kwake, maskini wa Mungu, aje apande mbegu hapa mbele, na nyinyi mnasinzia hata mbegu hazijaota. Leo nawaletea fundi.

Fundi huyu alikuwa katika mji mmoja wa milimani, mji wa mvua na ndizi. Jina lake silitaji. Hata mkinialika chai silitaji, maana nawajua, kesho mtaanza kumkodolea macho. Kazi yake ilikuwa kufunga faiba, hizi nyaya za intaneti zinazoingia siku hizi mpaka kwenye maduka ya unga.

Sasa faiba si waya kama wa pasi yako, mama. Ndani yake kuna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na katika uzi huo unapita mwanga. Mwisho wa uzi kuna kichwa, ndicho kinachochomekwa ukutani. Kichwa kikivunjika hakiungwi kwa gundi. Fundi anakata, anarudi nyuma kidogo kwenye uzi mzima, anavalisha kichwa kipya. Na kila akirudi nyuma, uzi unapungua. Ndiyo maana mafundi, wakifunga boksi ukutani, huacha uzi wa ziada, urefu wa mkono hivi, wakauzungusha taratibu ndani ya boksi. Wanauita akiba. Ukifungua boksi leo unaweza kudhani ni uchafu tu uliosahauliwa mle ndani.

Fundi wetu alidhani hivyo hivyo. Alikuwa mtu wa kunyoosha. Shati limenyooka, suruali ina mstari wa kukatia mkate, na waya wake ukitoka ukutani unakwenda moja kwa moja kwenye kichwa, haupindi kulia wala kushoto. Uzi wa ziada aliukata akautupa. "Ziada ni uvivu wa kupima," ndivyo alivyosema. Akimaliza, alifungia kazi yake kwa kipande cha utepe wa bluu, na ncha ya utepe huo aliikunja kidogo ikasimama kama kisikio cha mbuzi, ili fundi atakayekuja asihangaike kuubandua kwa kucha. Mji mzima hakuna aliyefanya hivyo ila yeye. Mnaona mambo ya wanadamu? Alizihurumia kucha za mwenzake, lakini uzi wa kufanyia kazi hakumwachia.

Na katika mji huo huo kulikuwa na fundi mwingine, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, mtu mnene, mpole, shati lake limechomoka tangu ubatizo. Huyu aliacha akiba kila mahali. Ndani ya boksi, nje ya boksi, juu ya nguzo, chini ya paa. Fundi wetu alimpa jina, na jina likashika: Tambi.

Asubuhi, kwenye kibanda cha mama muuza chai, fundi wetu alikuwa na hadithi zake. "Jamani, jana nimefungua boksi la Tambi! Ungechemsha maji tu, watu watatu wangeshiba." Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Naye akaendelea, maana kicheko kina utamu wake: "Mimi nikifunga nimefunga. Waya wangu mmoja, neno langu moja. Fundi anayefanya kazi ovyo mimi ningemnyang'anya koleo mbele za watu."

Mama muuza chai, akigeuza chapati, akasema, "Fundi, weka akiba ya maneno."

"Akiba ni ya maharage, mama. Niongeze sukari."

Basi. Ikaja harusi.

Binti mmoja wa mji ule alikuwa anaolewa. Mama yake alikuwa ng'ambo, Arabuni, anafanya kazi za ndani katika nyumba ya watu, na ruhusa ya kuja hakuipata. Alichopata ni mchana mmoja wa kukaa chumbani kwake, asisumbuliwe, amtazame mwanawe akifunga ndoa. Kanisa lao lilikuwa linaezekwa upya, kwa hiyo ndoa ilifungiwa ukumbini, na ukutani wakatundika shuka jeupe, mama aonekane juu ya shuka lile, na yeye awaone walioko ukumbini. Simu za mkononi kwenye milima ile hukamata mtandao zinapopenda zenyewe. Tegemeo lilikuwa faiba ya ukumbi.

Na mama alionekana! Mkubwa, ukuta mzima. Alikuwa amevaa kitenge cha sare, kile kile walichovaa mashangazi ukumbini. Walikuwa wamemtumia kipande akakishona mwenyewe. Amekaa kitandani, amejifunga kilemba, yuko peke yake chumbani na amependeza kama anayekwenda kukaa meza kuu. Bibi harusi akaingia. Mama akafungua mdomo kupiga vigelegele.

Akaganda. Mdomo wazi. Kisha shuka likawa shuka.

Nini? Mpambaji wa ukumbi alikuwa amesogeza meza yenye maua, na mguu wa meza ukavuta waya. Kichwa kimevunjika pale pale ukutani. Bibi harusi akasimama katikati ya ukumbi akiwa bado anatazama shuka. Hakulia. Alisema tu, "Mama alikuwa hapo."

Fundi wetu naye alikuwa mwalikwa, kavaa suti. Sanduku lake la vifaa lilikuwa kwenye pikipiki nje, maana fundi na sanduku hawaachani. Akaja mbio, akapiga goti kwenye boksi, akabandua utepe, akafungua kifuniko. Akatazama ndani. Waya umetoka ukutani moja kwa moja, umekaza kama ngozi ya ngoma. Kichwa kimekatikia kwenye shingo, na nyuma yake hakuna uzi wa kurudia. Hata wa kidole.

Hapo ndugu yenu akasahau kwamba kuna kipaza sauti jirani.

"Ni nani aliyefunga boksi hili?" Ukumbi mzima ukasikia. "Huyu si fundi, huyu ni mchoyo! Aliyefanya hivi hakumfikiria mtu yeyote duniani. Anyang'anywe koleo, asiguse tena hata kengele ya mlango!"

"Sasa tufanyeje, baba?" Shangazi wa bibi harusi alikuwa amesimama nyuma yake.

"Hakuna la kufanya, shangazi. Waya mpya mpaka kesho."

"Kesho wifi yangu anaosha vyombo vya watu! Ni leo. Hebu nitajie huyo aliyefunga. Nitajie nimwendee na mwiko."

Fundi akashusha macho. Akautazama ule utepe alioubandua, ulikuwa bado umemng'ang'ania kidoleni. Ulikuwa wa bluu. Na ncha yake imekunjwa, imesimama.

Wapendwa, mmewahi kuona mtu anatoka jasho la masika na jasho la kiangazi kwa wakati mmoja?

Alipofungua alikuwa na haraka, hakuangalia. Sasa aliangalia. Akaukumbuka ukumbi ule ulipokuwa mpya, na jinsi alivyojisifia mstari wake ulionyooka. Maneno aliyoyasema bado yanazunguka juu ya dari, na masikio ya mji mzima yapo. Mlango uko wazi. Pikipiki iko nje. Niwaambie alichowaza? Aliwaza kukimbia. Asingekuwa wa kwanza.

Ndipo Tambi akafika, na joho lake la kwaya, anahema. Akainama juu ya boksi. Akauona waya uliokaza. Akauona utepe wa bluu na kisikio chake. Akamtazama mwenzake usoni.

Hapa nataka tusimame kidogo. Huyu ndiye mtu aliyetaniwa kila asubuhi kwenye chai. Jina lake la ubatizo watu wamelisahau, wanamwita chakula. Na leo Mungu amempa neno mkononi, neno fupi, la kweli, limenyooka kabisa: "Ni wewe." Kipaza sauti kipo. Shangazi na mwiko wake yupo. Wewe ungefanyaje? Usinijibu, nakujua.

Shangazi akasema, "Tambi, wewe unawajua mafundi wote. Nani kafanya hivi?"

Tambi akajipangusa uso kwa mkono wa joho. "Shangazi, siku zile za kufunga waya hapa mvua ilinyesha sana. Huenda mtu alitaka kuwahi nyumbani. Hilo la nani tutaliongea, halikimbii." Kisha akamgeukia mwenzake, sauti ya chini, ile besi yake: "Kaka, kutoka nguzoni mpaka chini ya paa nilivuta mimi. Pale nje nina tambi zangu. Wewe vuta, mimi nasukuma. Unataka kiasi gani?"

Fundi wetu akashika waya. "Mkono mmoja unatosha."

"Chukua miwili. Mmoja wa leo, mmoja wa siku nyingine."

Wakafanya kazi. Tambi akapanda ngazi na joho lake, watu wakamshikilia kwa chini. Akafungua lile zungusho alilolitundika chini ya paa, lile lililochekwa, akawa anasukuma waya ndani ya bomba, na huku ndani mwenzake anavuta, taratibu, taratibu, mpaka waya mzima ukachungulia. Fundi wetu akakata, akasafisha, akavalisha kichwa kipya. Na uzi uliobaki? Akauzungusha ndani ya boksi kwa duara pana, kama mtu anayekunja mkeka wa mgeni. Halafu akachomeka.

Mama akarudi, ukuta mzima! Hakuwa ameondoka kitandani. Alikuwa bado anaita, "Halo? Halo? Mnaniona?" Alipomwona mwanawe, akavipiga vile vigelegele, na ukumbi ukavipokea, na nje ya ukumbi wakavipokea. Kuna waliosema vilifika mpaka sokoni. Bibi harusi akacheka na kulia pamoja, na ndoa ikafungwa mama yake akitazama mpaka neno la mwisho.

Baadaye shangazi akaja na soda mbili. Moja akampa Tambi. Ya pili akampa fundi wetu, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu. Haya, umeshamgundua yule mchoyo?"

Tambi akaanza kusema, "Shangazi, hilo..."

"Nimemgundua," fundi akamkatiza. "Amevaa suti hii."

Shangazi akamtazama juu mpaka chini. Akautazama utepe wa bluu kidoleni mwake. Kisha akacheka mpaka kilemba kikaanguka. "Kunywa soda," akasema. "Mwiko nimeuacha jikoni." Tangu siku hiyo fundi wetu akifika kwenye kibanda cha chai anaulizwa kama leo amekuja na maharage yake, na anacheka, na yule mwenzake anamwita kwa jina la ubatizo.

Mmefurahi? Vizuri. Sasa niambieni: harusi ile iliokolewa na akiba ipi?

Msiniambie ya chini ya paa. Waya ulikuwepo, ndiyo. Lakini vifaa vilikuwa vya nani? Mikono ya kuvalisha kichwa ilikuwa ya nani? Ya yule mtu aliyekuwa anautazama mlango. Tambi angesema "ni wewe," neno la kweli tupu, suti ingepanda pikipiki, na mama angebaki kitandani na kilemba chake anatazama giza. Akiba iliyookoa harusi ilikuwa kwenye ulimi. Alikuwa na neno lililonyooka, akalizungusha, akaliweka, mpaka mwenyewe akaja kulichukua.

Sisi je? Sisi tunapenda kunyoosha. "Mimi nasema ukweli," tunasema, na tunamkata mtu mpaka kwenye shingo, asiwe na pa kurudia. Mume anakosea mara moja, tumemaliza. Mtoto anafeli, tumeshatamka. Jirani amesogeza mpaka wa maua, hatusalimiani. Halafu meza inasogezwa, na meza husogezwa, wapendwa, haikosi siku, waya unavutwa, tunafungua boksi, na ndani hakuna hata kidole cha subira.

Na wewe unayesema, "Mchungaji, mimi nina akiba, nimevumilia mengi," ngoja. Uzi wa kioo ukiukunja kwa nguvu kama barua, mwanga unaishia kwenye kona. Akiba inazungushwa, haikunjwi. Subira ukiikunja ndani kwa hasira inaitwa kinyongo, na kinyongo hakijawahi kurudisha mama wa mtu ukutani. Izungushe pana. Iache ipumue.

Nakaa chini sasa, maana naona wenye maharage motoni mnageuka geuka. Leo ukifika nyumbani utakuta boksi limevunjika, lazima, kama si la sebuleni ni la moyoni. Na kabla hujapaza sauti kuuliza nani aliyelifunga vibaya hivi, nakuomba kitu kimoja tu: tazama kwanza utepe uliokunata kidoleni.

Na Mungu, ambaye ametuzungushia sote mikono mingi ya akiba kuliko tunayostahili, atufundishe kuacha mmoja kwa ajili ya mwenzetu. Semeni amina, na mwenye ugomvi na jirani yake kwenye benchi amsalimie sasa hivi, nawaona.