Binti Aliyejua Nondo Zote za Daraja

Kama una mtoto aliyefika kidato cha tano, soma hii kabla hujamuuliza tena anataka kuwa nani. Ukimaliza, mtumie na mwenzako. Si ndefu.

Kulikuwa na shule moja huko milimani, kwenye migomba na baridi, na mwalimu mmoja aliyeitwa Mapunda. Mwalimu Mapunda alikuwa amechoshwa na majibu ya wanafunzi wake wa kidato cha tano. Ukiwauliza wanatamani kazi gani, nusu ya darasa walisema udaktari, nusu nyingine walisema bado wanaangalia.

Siku moja akawaambia, "Sitaki maneno tena. Kila mmoja atengeneze kwa mikono yake kitu cha kazi anayoitamani. Atakayenishawishi, safari ya darasa ya mwaka huu tutaipeleka kwenye kazi hiyo, hata kama ni machinjioni."

Wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Safari ilikuwa moja tu kwa mwaka, na darasa lilikuwa limeshakubaliana kwenda mbugani kuona tembo.

Tusekile hakucheka kabisa. Yeye alitaka safari iende mahali pamoja tu, kusini, kwenye mto ambako lilikuwa linajengwa daraja kubwa. Baba yake, Gwakisa, alikuwa fundi nondo, mfunga vyuma vya ndani ya zege, kwenye daraja hilo. Aliondoka Tusekile akiwa darasa la saba. Tangu hapo alirudi nyumbani mara moja tu, kwenye msiba wa bibi. Alilala usiku mmoja, asubuhi akapanda gari.

Basi kila mtu akaanza kutengeneza. Festo, aliyependa kujisikia akiongea, alijenga studio ya redio kwa maboksi. Sarafina alishona gauni kwa mifuko ya salfeti, na lilimkaa vizuri kuliko nguo nyingi za dukani. Tusekile alijenga daraja kwa mabua ya mahindi, udongo wa mfinyanzi na spoku za baiskeli. Alipolileta darasani lilihitaji watu wawili kulibeba.

Mwalimu Mapunda aliinama akalichungulia.

"Hizi spoku ni za nini?"

"Hizo ni nondo, mwalimu. Katikati, za chini ndizo nene, kwa sababu mzigo ukipita, pale chini ndipo panapovutika. Juu ya nguzo ni kinyume, za juu ndizo nene."

"Na hivi vijipete?"

"Ringi. Zinashika nondo zisitawanyike zege likimwagwa."

"Nani kakufundisha haya?"

"Baba. Kwa simu."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka!" Festo akapaza sauti kutoka nyuma, na darasa likaangua kicheko.

Mwingine akalalamika, "Mwalimu, kweli tuache tembo twende kutazama saruji?"

"Tembo atakuwepo na mwakani," mwalimu alijibu. "Daraja likishaisha, hamtaona tena lilivyojengwa. Tunakwenda darajani."

Mwalimu alipiga simu kuomba ruhusa. Mkuu wa ujenzi alikuwa mwanamke, Injinia Kokusima, na aliposikia habari za binti wa nondo alifurahi mno. Akasema kwamba likizo ijayo ana nafasi moja ya mwanafunzi kuja kujifunza kazi, na angependa sana apewe binti huyo.

Mwalimu alimwita Tusekile ofisini akampa habari hiyo. Alitegemea msichana ataruka kwa furaha.

"Asante, mwalimu," Tusekile alisema. Kisha akauliza, "Tukienda, tutalala hukohuko?"

"Hapana. Tunarudi jioni."

Akaitikia kwa kichwa, akarudi darasani.

Mama yake naye hakumpa salamu nyingi za kupeleka. Alikuwa anamenya ndizi, hakunyanyua hata macho. "Ukimwona baba yako, mwambie paa la jiko linavuja."

Waliondoka alfajiri kwa basi, wakafika jua likiwa la utosi. Walivishwa kofia ngumu na vizibao vya kung'aa, wakapangwa mstari kando ya rundo la kokoto. Juu, kwenye nguzo, watu walionekana wadogo. Mmoja wao akaanza kushuka ngazi haraka kuliko inavyoruhusiwa, hata msimamizi akamfokea.

Alikuwa Gwakisa. Alikuwa amekonda, na ndevu zimeingia mvi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Marahaba!" Alimshika mkono asiuachie, akawageukia mafundi wenzake. "Si niliwaambia? Huyu ndiye injinia wangu! Muulizeni nondo yoyote, muulizeni!"

Fundi mmoja akamtania, "Gwakisa, huyu ni mzuri hivi, una hakika ni wako?"

Wakacheka wote. Tusekile naye alitabasamu. Alikuwa anamtazama baba yake usoni kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Baba, mama anasema jiko linavuja."

"Mwambie nitatuma hela ya mabati. Sasa njoo huku, njoo uone nguzo ya nne tulivyoifunga."

Akamvuta kwenda kwenye nguzo. Akaeleza, akaonyesha, akagonga nondo kwa koleo ili mlio wake usikike. Wanafunzi walimfuata nyuma, na kweli wengi walisahau tembo. Mwalimu Mapunda alitembea akitabasamu, kama mtu ambaye hesabu yake imetoka sawa.

Walipomaliza kuzunguka, Injinia Kokusima aliwakusanya.

"Nafasi ninayo, na mwenyewe namjua," alisema. "Lakini kabla sijampa, nina swali moja. Tusekile, katika kazi hii yote uliyoiona leo, unataka kujua nini zaidi?"

Tusekile alitazama juu ya nguzo. Kisha akasema, "Nataka kujua inaisha lini."

Wanafunzi wakacheka. Injinia naye akacheka. "Mwakani katikati, Mungu akipenda."

"Ikiisha, baba atarudi nyumbani?"

Hapo injinia hakucheka. Alimtazama Gwakisa.

"Kuna daraja lingine, mama," Gwakisa alisema. "Kubwa kuliko hili. Nimeshaandikishwa."

Tusekile alivua ile kofia ngumu akamkabidhi Sarafina aliyesimama karibu yake. "Injinia, naomba nafasi hiyo umpe mwingine. Mimi kazi hii siipendi."

Sarafina akabaki ameishika kofia mkononi.

"Huipendi?" Gwakisa aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepigwa asipotarajia. "Tusekile, si wewe kila Jumapili unaniuliza nondo? Si wewe uliyeniuliza ringi zinapishana vipi, mpaka nikakuelezea simu ikazimika?"

"Nikikuuliza unarudi lini, baba, unasema mtandao mbaya, unakata simu. Nikikuuliza habari za shule, unasema vizuri, soma kwa bidii, unakata simu. Siku moja nilikuuliza nondo, ukaongea mpaka chaji ikaisha." Alifuta pua kwa kiganja. "Basi nikajifunza nondo."

Gwakisa alikaa kwenye mfuko wa saruji kama mtu aliyeambiwa akae.

"Daraja la pili nimelikubali kwa sababu yako," alisema taratibu. "Niliongea na wakubwa, nikawaambia binti yangu ameipenda kazi hii, akimaliza shule mmpokee. Wakasema, basi na wewe baki. Nikabaki. Nilidhani nakutengenezea njia."

"Ningekuja kwenye njia hiyo, baba. Ningekuja tu, ili tuwe sehemu moja."

Mwalimu Mapunda alitazama chini. Aliwaambia watengeneze wanachokitamani, na msichana alitengeneza. Ni yeye mwalimu aliyetazama mabua na spoku, akaridhika, asione kwamba anayetamaniwa ni baba.

Wakati huohuo lori la zege likaingia, pipa lake linazunguka. Kutoka juu ya nguzo wakaanza kuita. "Fundi! Fundi Gwakisa, panda! Zege halilali!"

Gwakisa alinyanyua kichwa. Kwa miaka yote aliyokuwa pale, hakuna aliyewahi kumwita mara ya pili.

"Mwageni ninyi!" alipiga kelele. "Nondo nimeshafunga, haziendi popote!"

Injinia Kokusima akawapungia mkono waendelee. Kisha akawaongoza wanafunzi wengine kwenda kuona mashine ya kukunjia nondo, akawaacha wale wawili.

Gwakisa alisogea kidogo kwenye ule mfuko, Tusekile akakaa. Hawakuwa na mazoea ya kuongea bila simu.

Mwisho baba akauliza, "Sasa wewe unapenda nini?"

Tusekile alifikiri. Alijua nondo ya milimita kumi na mbili inakunjwa vipi na ya thelathini na mbili inanyanyuliwa na watu wangapi. Alijua zege linasubiriwa siku ngapi kabla ya kufunguliwa mbao. Lakini hilo aliloulizwa, alikuwa hajawahi kulitafutia nafasi.

"Sijui, baba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Muda wote nilikuwa nahangaika na daraja lako."

Gwakisa hakumwambia asome kwa bidii. Hakusema mtandao mbaya. Alikaa palepale, mikono yake yenye kutu imelala magotini, akisubiri, kama mtu ambaye siku hiyo hana kazi nyingine.

Basi lilipiga honi. Likapiga tena. Mwalimu Mapunda alisimama mlangoni mwa basi, akamwambia dereva, "Zima injini kwanza."

Funzo: Mtoto akiuliza sana habari za kazi yako, usikimbilie kusema ameipenda kazi, huenda anakutafuta wewe, na mtoto anayetumia ujana wake kumtafuta mzazi hapati muda wa kujitafuta mwenyewe.