Honi Kwenye Ukungu

Msianze. Nawaona mnavyofinyana huko nyuma: bibi huyu hajawahi kushika usukani, leo atatuambia nini habari za magari? Sijaushika, kweli. Na nyinyi hakuna aliyewahi kumezwa na samaki, mbona Yona mnamwamini? Basi fungeni midomo, msikilize.

Palikuwa na mtu mmoja, anaishi juu mlimani, kazi yake iko kwenye kiwanda cha chai huko bondeni. Alikuwa na kigari kidogo. Wakati wa kiangazi kigari kilishuka vizuri tu. Lakini kwao ikifika miezi ya baridi manyunyu hayakatiki, na barabara ya udongo inakuwa kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Kwa hiyo walikuwa na desturi. Asubuhi gari likifika kichwani mwa mteremko linasimama. Watu wanafunga kamba nene nyuma yake, wanachimbia visigino ardhini, wanalishusha polepole kama dume la ng'ombe lenye kichaa. Wakifika chini kamba inakunjwa, wote wanapanda, anawafikisha kazini na sokoni. Jioni wanalisukuma kupanda. Ndivyo walivyoishi.

Yule mtu akachoka. Akamwita fundi nyumbani, mama yake mzazi akiwa amekaa pale pale jikoni anaota moto.

"Fundi, nisaidie kuamua. Nikinunua gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, litanifaa msimu huu wa baridi?"

"Litakufaa, bosi. Hili lako linavuta kwa mawili ya mbele tu, yakiteleza umekwisha. Lile linapanda matope kama mbuzi."

Mama akadakia, "Na kushuka?"

Fundi akacheka. "Kushuka, mama, magari yote ni ndugu."

"Umesikia, mwanangu? Lile litakuvuta. Nani atakushika?"

"Mama, hiyo kamba imenichosha! Kila asubuhi namngoja huyu anafunga kanga, yule karudi kufuata ndoo, mwingine anapanda na jogoo wake, ananichafulia kiti. Mimi nataka kuamka, kuwasha, kwenda. Basi."

Akalinunua. Na gari lilipanda kweli. Asubuhi alishuka peke yake, vioo amefunga, anapiga honi mfululizo ili wanaotembea wampishe. Wenzake nao wakazoea: ukisikia honi, ingia mtaroni, okoa nguo zako na matope. Ile kamba, kwa kuwa haina kazi tena, ikakatwa vipande vya kufungia mbuzi.

Niulizeni basi, gari lilimfaa? Lilimfaa. Siwezi kusema uongo ili mfano wangu unoge.

Kisha ikaja asubuhi moja ya ukungu, mtu anyooshe mkono asione vidole vyake. Pale pale kwenye mteremko gari likaanza kuteleza. Magurudumu yote manne yakateleza pamoja, kwa umoja ambao kanisa hili halina. Likaingia korongoni, likakwama kwenye miti, mguu wake ukabanwa. Hakufa papo hapo. Mkono ulikuwa unafika kwenye honi, akapiga. Akapiga, akapiga.

Watu walikuwa barabarani, juu yake, wanakwenda zao kazini. Walisikia vizuri sana. Mnajua walifanya nini?

Waliingia mtaroni. Wakakusanya kanga zao, wakasimama wampishe.

"Leo ana haraka huyu," mmoja akasema.

"Lini hana?"

Wakangoja apite. Hakupita. Honi ikafifia, ikanyamaza, wakasema ameshafika chini, wakaendelea na safari. Mkata majani ndiye aliyemkuta mchana, mkono ungali kwenye usukani, baridi imeshamaliza kazi yake. Wakatafuta kamba ya kumtolea. Kamba ziko shingoni mwa mbuzi.

Simlaumu fundi, wala gari. Nauliza habari zetu sisi. Sisi tunaohangaika tupate kila kitu chetu wenyewe ili tusimngoje mtu, jirani anaijua sauti yako kwa lipi? Kwa kumwita, au kwa kumtoa njiani? Maana siku ya kulia utalia kwa sauti hiyo hiyo, nyingine huna. Na watu hawatakukosea. Watakupisha, kwa adabu kabisa.

Msiseme amina, amina zenu nimezichoka. Mwenzetu Tusekile hajakaa kwenye kiti kile cha dirishani tangu manyunyu yaanze. Nani amepita kwake? Mbona mnatazama viatu? Mtasema ana mdomo mchafu, anafukuza watu. Anafukuza, kweli, hata mimi amenifukuza.

Kwa hiyo mnampisha.

Nipeni mkongojo wangu, naenda kwake. Nyinyi kaeni muimbe. Mlango naufunga mwenyewe, baridi isije ikawasumbua.