Korongo Aliyesimamishwa

Paukwa!

Pakawa!

Ala, hamjala leo? Itikieni kama mlioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Hayo ndiyo. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakiajiriana, Kiboko alikuwa na bwawa lake. Mlinzi wa bwawa alikuwa Korongo. Akiona moshi wa moto wa nyika, analia krao, krao, krao, na wote wanakimbilia majini. Ujira wake ni samaki, kila jioni, wa kumtosha yeye na makinda wake.

Mnyapara alikuwa Nyani. Nyani huyo, jamani, alipenda kanuni kuliko ndizi. Asubuhi moja akapanda kichuguu, akatangaza: "Kuanzia leo, kazini mtu anasimama kwa miguu miwili. Atakayekiuka atanitambua."

Sasa Korongo mnamjua, desturi yake ni mguu mmoja. Akasimama kwa miwili. Anatetemeka, anajikaza. Anatetemeka, anajikaza. Jua likafika utosini. Mguu ukapanda wenyewe, chwii, ukajificha manyoyani.

Nyani akamwona. "Umesimamishwa kazi. Samaki hupati mpaka shauri lako lisikilizwe."

"Litasikilizwa lini?"

"Mzee Kiboko akipata nafasi."

"Basi nikavue bwawa la jirani, watoto wapate kula."

"Thubutu. Wewe bado mfanyakazi wetu."

Mmesikia hayo? Kulinda, si mtu wao. Kuvua kwingine, ni mtu wao. Kula, si mtu wa yeyote. Jioni ile makinda wakalia tii, tii, tii, wakalala na njaa. Mimi nilikasirika, na wala sikuwepo.

Kulipokucha Korongo akaenda kusimama. Wapi? Katikati ya kijia anachopita Kiboko kwenda malishoni. Tena kwa mguu mmoja.

Kiboko akatoka majini, chubwi, chubwi, anachuruzika maji. "Nipishe, nina njaa."

"Siwezi, mzee. Nimesimamishwa. Sikuambiwa nisimame wapi, nikachagua hapa."

"Nani kakusimamisha?"

Nyani huyo, mbio, gada gada gada, mikono na miguu chini. "Ni mimi, mzee. Kanuni inasema miguu miwili, mwenzetu kasimama kwa mmoja."

"Ulimsikiliza?"

"Bado."

"Bwawa alililinda vibaya?"

"Hapana, mzee. Ila kanuni ni kanuni."

Korongo akageuza shingo taratibu. "Mnyapara, na wewe umekuja hapa kwa miguu mingapi?"

Lo! Kobe, mfagiaji wa kijia, alicheka mpaka akapinduka, pu, chali. Nyani akajiinua upesi, akasimama wima, lakini wote walikuwa wamekwisha kumwona.

Kiboko naye akatazama chini. Akaona miguu yake mwenyewe, minne, mifupi, imezama topeni. Tumbo likanguruma, nguru nguru.

"Kumbe hata mimi nimesimamishwa," akasema. "Basi na mimi nisile?"

Akamgeukia Nyani.

"Mpe samaki wake, wa leo na wa jana. Ukiwa na neno na mfanyakazi wangu, msikilize kwanza. Na hata ukimsimamisha, atakula mpaka neno liishe."

Jioni hiyo makinda walikula, nyam nyam nyam, mpaka wakasinzia na mikia ya samaki midomoni.

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: aliyesimamishwa hajafukuzwa. Asikilizwe, na ale.

Hadithi yangu imeishia hapo. Imesimama yenyewe, haikusimamishwa na mtu.