Mbwa wa Sultani Aliyefungua Duka

Hapo zamani, katika mji wa Kijuru, alitawala Sultani Harithi, mtu mnene mwenye sauti nene kuliko yeye mwenyewe, ambaye akipiga chafya jumbani, wauza samaki sokoni huitikia, "Afya, bwana!" Sultani huyo aliletewa na mfalme mmoja wa ng'ambo zawadi ya mbwa wa kuwindia, akamwita Tufani. Lakini mbwa yule hakuwinda paa wala digidigi. Aliwinda makubadhi. Viatu vya wageni, mito ya viti, miswaki, vifuniko vya vyungu, vyote alivibeba mdomoni akatimka navyo, na kila alipofukuzwa alizidi kufurahi, kwani alidhani watu wa jumba lile wote wamewekwa kwa ajili ya kucheza naye.

Ikawa siku moja, Sultani akiwa ameketi na wajumbe wa nchi jirani, Tufani akaruka akamvua kilemba. Kichwa cha Sultani kikabaki wazi, kinang'aa, kimechongoka kama embe dodo.

"Njoo hapa, mwanaharamu, nikung'oe masikio!" akanguruma Sultani.

Mbwa, ambaye aliyapenda masikio yake, akakimbia zaidi. Watumishi wakamfuata mbio kuzunguka jumba hadi wakaishiwa pumzi, na kilemba kikaja kufukuliwa jioni chini ya mpapai.

Sultani akaapa kumtosa mbwa baharini. Ndipo Waziri Dosa akamnong'oneza, "Bwana wangu, yuko fukara mmoja aitwaye Vuai, ajisifuye kwamba hata punda humsikiliza. Mpe kazi hii." Kumbe Waziri alikuwa na lake moyoni, maana Vuai aliwahi kuiga mwendo wake sokoni, mji mzima ukacheka.

Basi Vuai akaletwa.

"Wewe ndiwe Vuai?"

"Ndimi, bwana wangu. Ila kama pametokea kosa, labda ni Vuai mwingine."

"Sikiliza. Nataka mbwa huyu akiitwa aje, na akiambiwa atue alichobeba, atue. Muda wako ni hadi mwezi uandame. Usimpige, maana ni zawadi ya mfalme. Wala usimpe chakula kwa kutii kwake! Katika nchi yangu atiiye hapewi kitu. Ukishindwa, mbwa atatoswa, nawe utahama mji huu usirudi tena. Mpaka siku hiyo utapata sahani yako jikoni kwangu."

Vuai alikuwa hajala tangu jana, na neno "jikoni" likayafunika maneno mengine yote. Akainama akasema, "Nimesikia na nimetii," naye kwa hakika alikuwa amesikia sahani tu.

Alipofika nyumbani na kumsimulia mkewe, Mize akajishika kiuno. "Yaani umeitwa jumbani, ukarudi na hukumu?"

"Na sahani," akasema Vuai.

Kesho yake akaanza kazi. Kwanza alimkimbiza mbwa kama walivyofanya wengine, akateleza akaingia mzima mzima katika beseni la dobi. Akatoka akichuruzika, akaketi uani na sahani yake ya nyama ya kuchoma, akakata tamaa na kuanza kula. Tufani akasogea, kubadhi mdomoni. Mbwa akaitazama nyama. Vuai akalitazama kubadhi.

"Unauza?" akauliza Vuai.

Akanyoosha kipande. Mbwa akafumbua mdomo ili akipokee, kubadhi likaanguka, na papo hapo Vuai akasema, "Tua!" na kulipa. Kisha akamrudishia kubadhi, akalinunua tena. Siku zikapita wakifanya biashara hiyo. Vuai akiita "Njoo!" kwa sauti ya kumwita mtoto aje kula halua, mbwa huja mbio hadi akapitiliza. Alipokuja alipata kipande na kukunwa shingo, hata kama njiani alikuwa ameivunja mitungi ya maji. Sahani ya Vuai ikawa inapungua upande wake, lakini mbwa alipomlalia gotini, Vuai alijikuta akiitazama kwa chuki bahari ambamo angetoswa.

Mwezi ukaandama, baraza likajaa. Tufani, bila kuagizwa, akanyakua upepeo wa Sultani akakimbilia mlangoni.

"Tufani, njoo!" akaita Vuai.

Mbwa akageuka akaja kama mshale.

"Tua!"

Upepeo ukaanguka miguuni pa Vuai, na kipande cha nyama kikatoweka. Watu wakapiga vigelegele, ila Waziri Dosa akasimama.

"Bwana wangu, ametoa nyama! Amevunja amri yako waziwazi!"

"Vuai," akasema Sultani, "nilikukataza usimpe."

"Sikumpa, bwana wangu. Nimenunua. Yeye alikuwa na upepeo, mimi nilikuwa na nyama ya sahani yangu, na tukaelewana bei. Mtu akitoka sokoni na samaki, nani husema amempa mvuvi sadaka?"

"Na kuja kwake ulipomwita?"

"Mwenye duka akiita, mwenye bidhaa huja, bwana wangu."

Sultani akauma mdomo asicheke. "Vema. Sasa nitamwita mimi." Tufani alikwisha beba mto wa kiti. Sultani akavuta pumzi. "NJOO!"

Vikombe vikagongana. Mbwa akajificha nyuma ya nguzo pamoja na mto wake.

"Haji! Umeshindwa," akasema Sultani.

"Kuja anajua, bwana wangu," akasema Vuai upesi. "Ila kwa sauti ile anadhani duka limevamiwa. Mwite kama unavyomwita mjukuu wako. Na ushike hii."

Sultani akatazama kulia na kushoto. Akaipokea nyama kwa vidole viwili, akapiga magoti juu ya zulia, joho lote likamfunika, akasema kwa sauti nyembamba ambayo hakuna mtu aliyepata kuisikia, "Njoo, babu. Njoo, kipenzi. Tua, basi."

Tufani akaja, akatua mto, akala, akamlamba Sultani ndevu. Wazee wa baraza wakajiziba midomo kwa ncha za vilemba. Sultani hakuwaona. Akaita tena, akanunua tena, akawa ananunua mto wake mwenyewe hadi nyama ikaisha, akaagiza nyingine.

Mbwa alipoona biashara imechangamka hivi, akaenda kujitafutia mali. Akapenya katikati ya miguu ya watu, akarudi na kubadhi la Waziri Dosa, akaliweka mbele ya Sultani, akaketi akingoja bei. Sultani akalipa.

"Hilo langu, bwana wangu," akasema Waziri, akisimama kwa mguu mmoja.

"Lilikuwa lako. Nimelinunua mbele ya mashahidi. Ukilitaka, lete nyama."

Waziri akaruka ruka kwa mguu mmoja kuelekea jikoni, na Sultani akacheka hata akashikwa na watu wawili asianguke. Akampa Vuai nyumba karibu na jumba, na sahani mbili kila siku, moja yake na Mize, moja ya dukani. Tangu siku hiyo, aingiaye baraza la Kijuru huingia na viatu vyake kwapani na kipande cha nyama mfukoni, na hapo ndipo hekaya yangu inapotua.