Kioo Kilichobaki na Kivuli

Mjane mmoja wa Tukuyu, Tusekile, alikuwa na mashine ya umeme ya kutotolea vifaranga. Mayai hayakuwa yake. Wajane wenzake wa kanisani walimletea, kila mmoja ya kuku wake, maana kule ni baridi, na yeye walimwamini.

Mlangoni pa mashine palikuwa na kioo kidogo cha kuonyesha joto. Ambakisye, fundi aliyeifunga, alimwonya: kioo hiki kiache kizimike, kipumzike, ukitaka kusoma, bonyeza kitufe. Kikishikilia namba moja siku zote, kivuli chake kitagandia humo. Ukikiona kivuli mapema, washa kioo kikiwa cheupe kitupu usiku kucha, kitajisafisha.

Lakini Tusekile alipenda kuiona ile 37, namba ya joto linalofaa mayai. Wenzake walichungulia wakasema, "Dada, wewe ndiye kuku wetu mkubwa, hutoki kiotani." Wakacheka, naye akafurahi mno. Akakibana kitufe kwa selotepu, kioo kisizimike kamwe. Kivuli alikiona kikianza. Akasema moyoni, nitakisafisha Jumapili. Jumapili ikaja na wageni, na wageni walitaka kuona 37.

Basi, katika wiki ya mvua, waya wa joto ukakatika ndani. Joto likashuka, namba mpya ikajiandika hafifu, na juu yake kivuli cha 37 kikasimama cheusi. Tusekile alipita na ndoo yake, akatupa jicho kama kawaida, akamshukuru Mungu, akaenda kwenye maombi. Akafanya hivyo kesho yake, na kesho kutwa.

Siku ya vifaranga kulia ilipofika, palikuwa kimya. Akafungua, akaingiza mkono. Mayai yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

Ambakisye alikuja, akakiacha kioo cheupe usiku kucha. Asubuhi 37 ilikuwa bado imo.

"Mama," akasema, "hiki hakisemi joto lililopo. Kinakumbuka lililokuwepo."

Wajane walikuja mmoja mmoja, wakafunga mayai yao kwenye khanga, wakaondoka. Hakuna aliyemlaumu, naye alitamani wamlaumu. Jioni alibaki peke yake akikisugua kile kioo kwa kitambaa, ingawa alijua kivuli si uchafu.

Ndugu zangu, sisi tuliookoka zamani na watu wakaona: ni nani kati yetu ameingiza mkono ndani leo?