Binti Aliyekataa Kufagia kwa Nywele

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika nchi za Afrika ya kaskazini, zama za utawala wa Warumi, alikuwapo binti mcha Mungu aliyeitwa Namgida, mfuasi wa Nabii Isa, amani iwe juu yake. Alikuwa akimuuguza baba yake, na mzee yule hakuwa na mwingine.

Tauni ikaingia mjini. Liwali akatangaza siku ya supplicatio. Neno hilo la Kilatini maana yake ni kuomba kwa unyenyekevu, magoti yamekunjwa. Wakishinda vita, Warumi waliziita hivyo siku zao za shukrani. Wakishukiwa na balaa, siku za kulia na kutaka radhi. Na katika balaa, wanawake walifumua nywele zao wakafagia kwazo sakafu ya nyumba ya masanamu. Liwali akaamuru kwamba atakayekataa atachukuliwa na askari.

Namgida aliwasikia askari wakigonga milango ya mtaa. Jirani yake, Bi Rufina, akachungulia dirishani.

"Wee Namgida! Nywele nazo zina dini? Fagia, urudi umnyweshe baba yako uji."

"Naogopa, Bi Rufina. Na kufagia siwezi."

"Basi zinyoe! Waambie huna cha kufagilia."

Namgida akashika mkasi. Akakata shungi moja, kisha akasita. Alijiona kama anayemficha Mola wake nyuma ya kipara. Akauweka mkasi chini, na papo hapo mlango ukagongwa.

"Mbona hujatoka?" askari akauliza.

Sauti ikamtetemeka. "Siyasujudii masanamu, bwana. Namwomba Mungu mmoja."

"Unamwomba nini?"

"Atuondolee tauni. Sisi na nyinyi."

Askari akamtazama mgonjwa kitandani. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Binti yangu ana homa tangu jana. Anaitwa Vitalia. Mtaje katika dua yako." Akageukia mlango. "Leo sikukukuta. Lakini kesho zamu si yangu."

Namgida akapiga magoti kando ya kitanda, meno yakigongana, akamtaja Vitalia kabla ya kumtaja baba yake.

Enyi wapenzi, hofu haikumtoka, wala hatukusimuliwa kesho yake ilikuwaje. Tulichopokea ni kwamba aliomba huku akitetemeka, na hakusema uongo. Mola azipokee dua za wenye kutetemeka.