Vikapu Vilivyofungiwa Stoo

Kitu kizuri hakihitaji kupigiwa debe. Watu watakitafuta wenyewe, hata kikifichwa uvunguni. Kitu kibaya, kwa kuwa kinajijua, hakitulii. Huvaa rangi za kung'aa, hujipaka manukato, kikapita mlango hadi mlango kikijisifu. Ndiyo maana wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wapo wanaodhani methali hii ni ya sokoni tu, ya kuchagulia nyanya na vitambaa. Waliokuwapo siku ya matembezi ya watoto wa chekechea hawadhani hivyo tena, kwa maana siku hiyo nusura wazazi wawili warudi nyumbani mikono mitupu.

Kila mwaka, mvua zinapokoma na nyasi zikiwa bado mbichi, shule hiyo ndogo iliwatoa watoto na wazazi wao kwenda kushinda katika bustani ya mji. Kila familia ilibeba kikapu chake, ikatandika shuka chini ya mti, na watoto wakakimbizana hadi magoti yakageuka rangi ya udongo. Fundi Vioo aliipenda siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote. Kazi yake ya kupachika vioo vya madirisha ilimfanya atazame nyumba za watu kutoka nje wiki nzima. Siku ya matembezi ilikuwa yake na mkewe na binti yao wa miaka minne, aliyeitwa Chiriku kwa sababu ulimi wake haukujua likizo.

Asubuhi hiyo Fundi alikuwa jikoni akikata matango, ulimi umemtoka pembeni ya mdomo.

"Baba Chiriku," mkewe alisema huku akimenya mayai ya kuchemsha, "hayo ni matango, si vioo. Huna haja ya kuyapima."

"Kioo na tango ni ndugu," alijibu. "Vyote viwili havitaki pupa."

"Na vyote viwili vinakatwa!" Chiriku alidakia, wakacheka wote watatu. Kikapu kikajaa: mayai, viazi vitamu vya kuchemsha, matango, machungwa, ndizi mbivu, na chupa kubwa ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Hakikuwa chakula cha kifalme, lakini kilikuwa chakula.

Walipofika kwenye lango la bustani walidhani wamepotea njia. Hema jekundu lenye maputo lilisimama pale walipozoea kutandika shuka. Vipaza sauti vilikuwa vikinguruma kama mawe ndani ya pipa. Mbele ya hema, msichana mmoja mchangamfu aliyevaa fulana ya kampuni alishika kipaza sauti na kuimba, "Afya kwa kila mdomo! Matunda halisi ndani ya kila biskuti!" Wazazi walikwisha kumpa jina, Dada Mnadi.

Kwenye lango alisimama mwenyekiti wa kamati ya wazazi, bwana mwenye kitambi na maneno mengi, ambaye kwa siri watu walimwita Tarumbeta.

"Karibuni, karibuni! Vikapu vyote huku, tafadhali. Vinaingia stoo, mtavichukua jioni."

"Kwa nini?" aliuliza Mama Chiriku.

"Mwaka huu tuna mfadhili, shemeji. Vitafunio vya afya, vinywaji vya afya, bure kabisa! Sharti lake ni dogo tu: asionekane mtu na chakula kingine. Picha zitaharibika."

"Hata maji?"

"Hata maji. Kinywaji kipo tele, cha rangi tatu."

Fundi alimtazama mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama nyuma ya Tarumbeta akivunja vidole vyake. Mwalimu aliinamisha macho. "Tuvumiliane, wazazi wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Wametuahidi bembea mpya za shule."

Basi vikapu vikachukuliwa. Hebu fikiria! Mama ameamka alfajiri kumchemshia mwanawe yai, ananyang'anywa kama mwizi aliyekamatwa na mali ya watu. Mlango wa stoo ukafungwa kwa kufuli, na ufunguo ukatumbukia katika mfuko wa suruali ya Tarumbeta. Wazazi waliguna, wakatazamana, lakini hakuna aliyetaka kuitwa mkorofi mbele ya watoto. Kimya chao kilikuwa kosa, na watoto ndio waliolilipia.

Watoto, wao, walifurahi. Nani asiyependa paketi inayong'aa? Walikula biskuti zilizonata kwenye meno kama gundi, wakanywa kinywaji chekundu, kisha cha kijani, kisha cha manjano. Wakaruka kama panzi. Jua nalo likapanda hadi utosini, na upepo ukakata. Kila aliyesikia kiu alipewa kinywaji kile kitamu, na kadiri alivyokinywa ndivyo koo lilivyozidi kukauka. Mtoto wa kwanza alitapika karibu na bembea. Wa pili akatapika kwenye viatu vya mamake. Muda si muda, hewa yote ya bustani ikawa na harufu ya sukari iliyochacha, na vilio vikashindana na vipaza sauti.

"Maji!" wazazi walianza kudai. Bomba la bustani lilikuwa kavu; mlinzi alisema maji yalikatika tangu jana. Maduka yalikuwa mbali. Na Tarumbeta? Alikuwa ameondoka na wakubwa wa kampuni kwenda shuleni kupiga picha mahali zitakapowekwa bembea, ufunguo ukiwa mfukoni. Mwalimu alipiga simu yake tena na tena, nayo ikaita bila kupokelewa.

Ndipo Mama Chiriku alipogundua kwamba mwanawe alikuwa kimya.

Chiriku ambaye aliongea hata usingizini alikuwa amelala chali kwenye nyasi. Alikuwa ametapika kila alichokula, na sasa hakutokwa hata na machozi. Midomo yake ilipasuka kama udongo wa kiangazi, na mikono yake ilimwangukia mamake kama nguo mbichi.

"Baba Chiriku!" aliita, na sauti hiyo Fundi hakuwahi kuisikia kinywani mwa mkewe. "Tafuta maji. Popote!"

Fundi alikimbilia hema la kampuni. Mbele palikuwa na makatoni tu, basi akazunguka nyuma ya gari lao. Huko alimkuta Dada Mnadi amechuchumaa kivulini, akimlisha binti yake mdogo. Mapajani mwake palikuwa na bakuli la nyumbani lenye vipande vya papai na yai la kuchemsha. Chupa ya maji kando yake ilikuwa tupu.

Fundi alisimama kama aliyepigwa kofi. "Mbona humpi biskuti zenu, dada?"

Kabla mama hajapata neno, mtoto alijibu kwa mdomo uliojaa papai, "Mama anasema hizo ni za kazini. Hazilwi."

Dada Mnadi alifunika uso kwa kiganja. "Kaka, mimi nimeajiriwa tu," alinong'ona. "Maji yangu yamekwisha. Ningekuwa nayo ningekupa."

Hasira ikampanda Fundi kutoka nyayoni hadi kisogoni. Aligeuka, akaelekea stoo. Kupitia dirisha dogo lenye kioo aliviona vikapu vyote vimepangwa, na chupa yao ya maji imesimama juu ya machungwa, umbali wa mkono tu. Mtoto wake anakufa kwa kiu, na maji aliyomchemshia mamake yako hapo, yanamtazama! Alivua shati, akalizungusha kwenye ngumi na kuokota jiwe.

"Fundi, acha!" mlinzi alipaza sauti. "Hiyo ni mali ya umma!"

"Na mtoto yule ni mali ya nani?" Fundi aliuliza.

Mlinzi akasogea kando. Fundi akapiga kioo pembeni, pale ambapo mtu wa kazi hiyo hujua kitapasuka bila kurusha vipande, akang'oa mabaki kimoja kimoja, akapenyeza mkono. Chupa ya kwanza ilipita mkono kwa mkono hadi kwa mkewe. Mama mmoja aliyekuwa muuguzi alipiga magoti kando ya Chiriku. "Msimmwagie. Kijiko kwa kijiko, polepole. Mleteni kivulini. Lowesheni kitambaa." Wakamnywesha kwa zamu, huku midomo ya wazazi wote wawili ikifunguka kila kijiko kilipokaribia ule mdomo mdogo, kana kwamba wao ndio waliokuwa wakinywa.

Fundi hakuishia kwa wake. Alijipenyeza ndani kupitia dirishani, akatoa chupa zote, kisha vikapu vyote. Hakuna aliyetangaza, wala hakuna aliyeimba. Lakini watoto waliona machungwa, na wakaja. Walioweza kula walikaa kwenye mapaja ya mama zao wakifyonza maji ya matunda. Waliokuwa na kichefuchefu walinywa funda moja moja. Familia zilizosahau kubeba chakula ziligawiwa na majirani. Ndani ya hema jekundu, muziki uliendelea kulipigia hema lenyewe.

Hapo ndipo Tarumbeta aliporudi, akiwa bado na tabasamu la picha. Alipoona dirisha, tabasamu likakatika.

"Nani amevunja?"

"Mimi," alisema Fundi.

"Umeichafua shule mbele ya wafadhili! Utashtakiwa! Watu wametuletea chakula cha afya, bure, nanyi mnafanya ushenzi?"

Mama Chiriku alisimama, mwanawe begani. Chiriku alikuwa amefumbua macho, ingawa bado hakuwa na nguvu ya kuongea. "Cha afya?" mamake alisema. "Mwanangu ametapika hadi nyongo kwa hiyo afya yako. Wewe ulikuwa wapi na ufunguo? Ulikuwa unachekea kamera!"

"Watoto hutapika kila siku, shemeji. Ni jua tu." Tarumbeta alimgeukia Dada Mnadi aliyekuwa amerudi mbele ya hema, kipaza sauti mkononi. "Mwambie huyu mama. Si vitafunio salama hivi? Si hata wewe unampa mwanao?"

Dada Mnadi alimtazama Chiriku, kisha akamtazama binti yake mwenyewe aliyemshika sketi. Labda alisahau kwamba kipaza sauti kilikuwa wazi, labda hakusahau.

"Wangu simpi," alisema.

Maneno hayo yalitoka kwenye vipaza sauti vyote yakavuma hadi langoni. Wazazi wakalipuka. Baba mmoja alilibeba katoni zima la biskuti akalitua miguuni mwa Tarumbeta. "Kula wewe," alimwambia. "Hapa hapa, tukikuona." Wengine wakaleta mengine, mpaka bwana yule akabaki amezungukwa na makatoni yanayong'aa. Hakula hata kipande.

Mwalimu mkuu alisogea mbele, machozi yakimtiririka. "Nililiona kosa tangu langoni," alisema, "nikanyamaza kwa ajili ya bembea. Nisameheni." Wapo waliomsamehe siku hiyo, na wapo waliohitaji muda. Mama Chiriku alikuwa miongoni mwa hao wa pili, na nani wa kumlaumu?

Chiriku alilazwa zahanati hadi kesho yake. Alipozinduka vizuri, jambo la kwanza alilouliza ni kwa nini muuguzi anavaa soksi zisizofanana, na baba yake, mwanamume mzima, akatoka nje ya wodi kulia ukutani. Alipomaliza kulia alienda bustanini na vifaa vyake, akapachika kioo kipya. Mlinzi alimshikia ngazi.

Kampuni haikuonekana tena, wala bembea zake. Dada Mnadi aliacha kazi wiki hiyo hiyo. Makatoni yaliyobaki aliachiwa Tarumbeta, naye hakukubali kushindwa. Aliyapakia kwenye gari, akafunga kipaza sauti juu ya paa, akapita mtaa kwa mtaa akinadi: vya afya, vya bure, vya watoto! Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Bibi mmoja alimwuliza kutoka dirishani, "Mwanangu, kama ni vizuri hivyo, mbona unavikimbiza?" Akaendelea kuzunguka mpaka sauti ikamkauka, na bado gari likarudi limejaa kama lilivyotoka. Kwenye mkutano uliofuata wazazi walichagua mwenyekiti mwingine kabla Tarumbeta hajaketi.

Mvua zilipokoma mwaka uliofuata, hapakuwa na hema wala tangazo. Hata hivyo bustani ilijaa kuliko miaka yote, kwa sababu hata wazazi wa shule za jirani walikuja na watoto wao, wakiuliza chini ya kila mti wakae wapi na walete tunda gani. Mama Chiriku alizungukwa na wanawake waliotaka kujua namna ya kukata matango ili watoto wayapende. Alicheka, akawaelekeza kwa mumewe. Hakuna aliyempigia mtu debe, wala aliyemvuta mtu mkono. Hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa, na mashahidi wake walikuwa watoto: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.